Mgonjwa akirudishwa nyumbani Emali, nani anakwenda naye?

Kumfikisha mgonjwa mjini Emali si kazi kubwa. Emali ni mji wa njia: magari ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa hayalali, treni ya SGR inayohudumia vituo vya kaunti husimama hapo, na barabara ya kwenda Oloitokitok huanzia papo hapo. Kutoka hospitali ya Makindu ni mwendo wa kilomita 40 na ushei, wote lami. Kazi huanza lami inapokwisha. Mbele yake kuna njia ya mchanga, bodaboda isiyoweza kumbeba mtu aliyepooza upande mmoja, ua wa miiba, nyumba ya vyumba viwili, na mke ambaye juzi alikuwa mkulima wa ndengu na leo ndiye muuguzi wa zamu zote. Mkononi ana karatasi ya kuruhusiwa, mfuko wa dawa, na maagizo aliyopewa akiwa amesimama: mgeuze kila baada ya saa mbili, mpunguzie chumvi, mrudishe kliniki baada ya wiki mbili.

Maagizo hayo hayana kosa. Ila hayasemi nani atamgeuza mgonjwa saa nane za usiku, nauli ya kliniki itatoka wapi, wala shamba litapaliliwa na nani mvua ikinyesha. Daktari hana majibu ya maswali hayo, na muuguzi mwenye wodi iliyojaa hana nafasi ya kuyauliza. Yana mwenyewe, naye ni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake haifai kuishia kwenye lango la hospitali, na kama Kaunti ya Makueni inatafuta mahali pa kuanzia, Emali panafaa.

Wakenya wengi humjua afisa huyu kwa jambo moja tu: bili. Mgonjwa amepona, deni halilipiki, na familia inatumwa kwenye ofisi iliyo mwisho wa ujia. Huko inaulizwa ina ng'ombe wangapi, nani ameajiriwa, na kama kuna barua ya chifu. Majibu yakiridhisha, bili hupunguzwa, hufutwa, au familia hupewa muda wa kulipa kidogo kidogo. Ni kazi yenye uzito. Mnamo Septemba 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani ilivunja haki za wanawake wawili kwa kuwazuilia kwa sababu ya bili. Pale ambapo afisa wa ustawi wa jamii anasikilizwa mapema, mambo hayana haja ya kufika huko. Maafisa hao ndio pia wanaosaka jamaa za wagonjwa walioachwa wodini, na Hospitali Kuu ya Kenyatta imelazimika mara kadhaa kutangaza hadharani ikiwaomba jamaa wa wagonjwa wa aina hiyo wajitokeze.

Ila tukiishia hapo, tumeishia mahali taaluma hii ilipoanzia. Mnamo 1895, hospitali ya Royal Free jijini London ilimwajiri Mary Stewart, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwachuja waliostahili kutibiwa bure na waliokuwa na uwezo wa kulipa. Miaka kumi baadaye, huko Boston, Marekani, Dkt. Richard Cabot aliona tatizo kubwa zaidi katika hospitali ya Massachusetts General. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakiambiwa wapumzike, wale vizuri na wapate hewa safi, kisha wanarudi kwenye chumba kimoja chenye watu wengi na kazi isiyo na likizo. Dawa ilikuwa inashindwa nyumbani. Cabot akaanzisha ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya kliniki, na Ida Cannon, aliyeiongoza kwa miaka mingi, akaifanya kuwa idara yenye utaratibu wake: kuyajua maisha ya mgonjwa nje ya hospitali na kumpa daktari habari hizo ili tiba ilingane nayo.

Kisha akaja Cicely Saunders. Kabla ya kuwa daktari, alikuwa muuguzi, halafu afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali moja jijini London. Katika kazi hiyo ya pili alimhudumia David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani, asiye na familia mjini humo. Tasma alifariki 1948 na kumwachia pauni 500. Saunders akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Tiba shufaa inayojulikana leo duniani, ile ya kutuliza maumivu na kuishika mkono familia wakati ugonjwa hautibiki tena, ilitokana kwa kiasi kikubwa na yale aliyoyasikia akiwa ameketi kando ya kitanda kama afisa wa ustawi wa jamii.

Kwa hiyo kumfuatilia mgonjwa hadi nyumbani si nyongeza ya anasa. Ni taaluma yenyewe ilipokomaa. Hospitali zetu za umma, kwa jinsi zinavyowatumia maafisa hawa, kwa sehemu kubwa bado ziko 1895.

Kazi hiyo ikifanywa barabara, huwaje? Chukua nyumba moja ya mfano nje ya Emali: baba wa miaka 68 aliyepata kiharusi, mkewe, mkwe wa kike na wajukuu watatu, na wana wawili walioko Nairobi na Mombasa. Afisa anayeijua kazi yake hafungui faili kwanza. Anatazama. Kitanda kiko chini mno, kwa hiyo kila anayemwinua mzee anaumia mgongo, na matofali manne chini ya miguu ya kitanda yatapunguza taabu hiyo. Choo kiko mbali na kina ngazi, hivyo kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, na ndoo chini yake, kitamrudishia mzee heshima yake bila kungoja msaada wa mtu yeyote. Anatazama visigino na makalio kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, kwa sababu vidonda vya kulala huanzia hapo, na akiona dalili anampigia muuguzi simu siku hiyo hiyo. Anatazama pia kalenda: ni Jumanne saa nne asubuhi, na msichana wa darasa la saba yuko nyumbani anachota maji kwa punda.

Hapo ndipo anapouliza maswali ambayo hayamo katika fomu yoyote ya wodi. "Mwaitu, wewe unalala saa ngapi?" Mama anacheka kidogo na kusema analala mzee akilala. Mkwe anasema mzee halali.

Afisa haishii kwenye huruma. Anaitisha kikao cha familia, wana wawili wakiwa kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu katikati ya meza, kaka wa mgonjwa akiwa mwenyekiti kwa sababu bila yeye uamuzi hautashika. Wanagawana mzigo. Wa Mombasa atatuma pesa za dawa za shinikizo la damu kila tarehe tano, moja kwa moja kwa duka la dawa. Wa Nairobi atakuja wikendi moja kila mwezi ili mama alale kwa dada yake. Msichana atarudi shuleni, na maji yatanunuliwa kwa mwenye mkokoteni hadi shule zifunge. Yanaandikwa kwenye daftari, na kila mtu anasikia jina lake likisomwa. Mambo kama haya hayafanyiki yenyewe. Familia nyingi huachana kwa ugonjwa mrefu si kwa kukosa upendo, bali kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayefanya kidogo.

Halafu kuna makaratasi, na hapa ndipo pesa halali za familia hupotelea. Mtu aliyebaki na ulemavu ana haki ya kutathminiwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazee wa miaka 70 na zaidi, pamoja na wenye ulemavu mkubwa walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na mkulima asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na mali kabla ya kuambiwa atalipa kiasi gani. Aliyejibu vibaya kwa kutoelewa anaweza kupangiwa mchango asioumudu. Anayehitaji kiti cha magurudumu au mguu wa bandia anaweza kuelekezwa kwa chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958. Kila mlango kati ya hiyo una fomu yake, nakala zake za kitambulisho na safari yake. Mke anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hana siku ya kwenda mjini Wote, makao makuu ya kaunti, kupanga foleni, arudishwe kwa kukosa nakala moja. Afisa mmoja akijumlisha fomu hizo na kuzipeleka pamoja, anaokoa nauli ya kaya nyingi.

Saratani inaleta mzigo mwingine. Makadirio ya kimataifa ya 2022 yalionyesha visa vipya zaidi ya 44,000 nchini Kenya kwa mwaka, na wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Wengi wa hao watamalizia siku zao nyumbani, wakiwa na maumivu. Uganda ilionyesha kwamba maumivu hayo yanaweza kutulizwa huko huko kijijini. Dkt. Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice baada ya taasisi hiyo kuanzishwa 1990, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini ya maji ya bei nafuu ikatengenezwa nchini humo, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Lakini chupa ya mofini ikifika kwenye nyumba yenye hofu, huwekwa juu ya kabati. Wengine huamini kuwa ni dawa ya kumharakisha mtu kufa, na wengine kwamba kuitumia ni kukubali kushindwa. Anayeketi na familia hiyo na kuyajibu hayo bila haraka, kisha kuwasaidia kuzungumzia shamba, watoto na mahari ambayo haijamalizwa kabla mgonjwa hajanyamaza, anafanya kazi ambayo mofini haiwezi kuifanya.

Emali ina jambo lake jingine. Mji umekaa ukingoni mwa Makueni, na ng'ambo kidogo ni Kajiado. Wakamba na Wamaasai hukutana kwenye soko la mifugo, na hukutana pia kwenye benchi la kituo cha afya. Magonjwa hayajui mpaka wa kaunti, bajeti inaujua. MakueniCare, mpango uliozinduliwa 2016 ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, ulikuwa wa wakazi wa Makueni. Mgonjwa aliyelazwa Makindu na kurudi boma lililoko upande wa Kajiado anatoka kwenye orodha ya kaunti moja bila kuingia kwenye ya pili. Kuna pia wale wa barabarani: dereva wa lori kutoka Uganda au Kongo aliyepata ajali, fahamu zimemrudia, miguu haijarudi, na hana jamaa hata mmoja karibu. Kuwasiliana na familia yake, na mwajiri wake, na hospitali iliyo karibu na kwao ni kazi ya ustawi wa jamii tangu mwanzo hadi mwisho.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba kazi hii tayari ina watu. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya nyanjani zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Bila wao pendekezo hili halina miguu, kwa kuwa wao ndio wanaojua mlango upi una mgonjwa. Lakini mtu anayesimamia takriban kaya 100 kwa posho hiyo hawezi kutarajiwa kupatanisha ndugu wanaogombea shamba la mgonjwa, kuandika ripoti ya kupelekwa kwa afisa wa watoto, au kuibana hospitali ibadilishe tarehe ya kliniki. Anachohitaji ni mtu wa kumpigia simu anapoona jambo linalozidi mkoba wake. Leo mara nyingi hana.

La pili ni la kitamaduni: Wakamba wanatunzana. Ni kweli, na ukitaka ushahidi tazama matuta ya mashamba kote Ukambani, mengi yakiwa yamechimbwa na vikundi vya mwethya, majirani wakienda shamba hili leo na lile kesho. Ila mwethya umezoea kazi yenye mwisho. Tuta huchimbwa likaisha. Kiharusi kinaweza kudumu miaka kumi, na majirani waliokuja na unga wiki ya kwanza hawataonekana mwezi wa nane. Afisa mwenye busara hataudharau mwethya. Ataupa kazi yenye ukubwa wake: kupalilia shamba la familia hiyo msimu mmoja, kusawazisha njia ya kiti cha magurudumu kutoka mlangoni hadi barabarani, kutengeneza choo kisicho na ngazi.

La tatu ni pesa, na hili ndilo zito. Kaunti zinachelewa kulipa mishahara ya watu zilizo nao. Hata hivyo, kutokuwa na afisa huyu nako kuna gharama. Mgonjwa wa uti wa mgongo anayepata vidonda vya kulala hurudi kulazwa kwa wiki nyingi, na kitanda hicho kinalipiwa na hospitali hiyo hiyo. Mwenye kisukari aliyeacha dawa kwa kukosa nauli hurudi akihitaji kukatwa mguu. Historia nayo inatoa onyo la upande wa pili. Baada ya Ukimwi kutangazwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, Kenya iliegemea sana huduma za nyumbani, na vikundi vingi vya kuwatembelea wagonjwa vilisimama kwa fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, nchi ilikumbushwa jinsi huduma zisizokuwa kwenye bajeti yake zinavyoweza kukatika kwa tangazo moja. Nafasi ya Emali iwe ya kudumu, kwenye orodha ya mishahara ya kaunti, hata kama itaanza na mtu mmoja.

Sheria haizuii. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za afya. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 inataka kuwe na mitandao ya vituo na timu za wataalamu wa fani mbalimbali zinazofanya kazi hadi kwenye jamii. Mwenye kutaka kumwingiza afisa wa ustawi wa jamii katika timu hiyo hahitaji mswada mpya. Anahitaji kumtaja kwenye mpango wa kazi wa idara.

Mambo manne yangetosha kuanza. Kwanza, afisa mmoja akae katika kituo cha afya cha Emali, apewe pikipiki, mafuta na muda wa maongezi wa simu, na asifungwe kwenye dawati la bili. Pili, hospitali za Makindu na Wote ziongeze ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kuruhusiwa, ujazwe mgonjwa akiwa bado kitandani: nani atamtunza, analala wapi, maji na choo viko wapi, kliniki itafikiwa vipi, na namba ya mhudumu wa afya nyanjani wa kijiji chake. Mgonjwa wa kiharusi, wa uti wa mgongo, wa saratani au aliyekatwa kiungo asiruhusiwe kabla ukurasa huo haujasomwa na mtu atakayemfuata. Tatu, kuwe na mfuko mdogo wa nauli na vifaa, unaokaguliwa kama mfuko mwingine wowote, ili matofali manne na kiti kilichokatwa tundu visisubiri zabuni. Nne, Makueni na Kajiado ziandikiane makubaliano ya nani anampokea mgonjwa anayevuka mpaka kurudi nyumbani.

Afisa huyo naye apimwe. Idadi ya wagonjwa waliorudishwa wodini kwa vidonda vya kulala, waliokosa kliniki, na watoto waliorudi darasani ni vitu vinavyohesabika, na kaunti inaweza kuvilinganisha baada ya mwaka mmoja kabla ya kupeleka mpango Kibwezi, Mtito Andei au kwingineko.

Kalenda ya bajeti inajulikana. Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti mjini Wote kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili, baada ya wananchi kupewa nafasi ya kusikizwa. Makueni imejijengea sifa kwa mikutano ya wananchi inayoanzia vijijini, ambapo watu huchagua kati ya bwawa, barabara na darasa. Maombi hayo yote huonekana kwa macho yakikamilika, na ndiyo sababu hushinda. Watunzaji wa wagonjwa ndio wasioweza kuhudhuria mikutano hiyo, kwa kuwa hawana wa kumwachia mgonjwa. Basi ni juu ya wahudumu wa afya nyanjani wa wadi ya Emali/Mulala, wachungaji, maimamu, vikundi vya akina mama na mwakilishi wadi wao kulipeleka ombi hilo kwa niaba yao, likiwa na mstari wake wa mshahara na mafuta, kabla makadirio ya mwaka ujao hayajafungwa.